Majirani mnaoacha peremende milangoni kwa siri, acheni kuchezea maisha ya watoto wetu

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie, hasa ninyi mnaoishi huku Marekani na mnaoijua desturi ninayoilalamikia.

Mimi na familia yangu tunaishi Ohio, pembezoni mwa jiji la Columbus. Huku, kuanzia Oktoba inapoingia hadi Halloween yenyewe tarehe 31, yaani sikukuu ya mizuka ambapo watoto huzunguka nyumba kwa nyumba wakipewa peremende, majirani wana mchezo wa kuviziana: mtu huja gizani, huweka ndoo ya peremende mbele ya mlango wako, hubonyeza kengele, kisha hutimua mbio asionekane. Ndani ya ndoo huwa na karatasi yenye picha ya mzuka, inayokuarifu kwamba umepigwa "boo", yaani ile sauti ya mzuka ya kushtua, na kukutaka uibandike picha hiyo mlangoni ili wengine wajue umeshafikiwa, kisha nawe, ndani ya siku moja au mbili, upeleke vitu kama hivyo kwenye nyumba mbili nyingine bila kujitaja.

Jumanne iliyopita zamu ilikuwa yetu. Mwanangu wa miaka sita ana mzio mkali wa karanga. Kengele ilipolia nilikuwa jikoni nikigeuza chapati, na kabla sijafuta mikono alikuwa amekwisha kufungua mlango na kuiburuta ndoo ndani. Juu mlikuwa na peremende za dukani, na chini yake vifuko vya nailoni vilivyofungwa kwa utepe mweusi, kila kimoja kikiwa na vidonge vitatu vya chokoleti vilivyotengenezwa nyumbani, bila hata neno moja la kueleza vimewekwa nini. Kimoja alikuwa amekwisha kukiuma. Hazikupita dakika kumi midomo ikaanza kuvimba, mabaka mekundu yakamtoka shingoni, naye akaanza kukohoa kile kikohozi kikavu ambacho mimi na mama yake tunakijua vizuri. Tulimdunga pajani sindano ya epinefrini, dawa ya dharura ya mzio, tukapiga 911, namba ya dharura ya huku, na usiku ule tukaumalizia hospitalini, kwa sababu hata dalili zikitulia mtoto huwekwa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi dawa inapoisha nguvu.

Amepona, alhamdulillahi. Kilichonichoma zaidi ni yaliyofuata. Kamera ya mlangoni inaonyesha watu wawili waliojifunika kofia za sweta, mkubwa na mdogo, wakikimbia kwenye nyasi huku wakicheka. Niliandika kwenye kundi la mtaa, kwa adabu kabisa, nikimwomba aliyeleta aniambie faraghani chokoleti zile zilikuwa na nini, kwa kuwa daktari alitaka kujua kama ni karanga au mtoto ana mzio wa kitu kingine tusichokijua. Mpaka leo hajajitokeza. Waliojibu ni wengine: mmoja aliniambia kwamba nikidai majina ninaharibu utamu wa mchezo, na mwingine kwamba ni wajibu wa mzazi kumchunga mwanawe.

Nimchunge vipi na chakula kisicho na mwenyewe? Sheria ya nchi hii ya mwaka 2004 inamlazimu mtengenezaji wa chakula cha pakiti kutaja waziwazi vyakula vinane vinavyoongoza kwa kusababisha mzio, vikiwamo karanga, maziwa, mayai na ngano, na tangu Januari 2023 ufuta umeongezwa ukawa wa tisa. Sheria hiyo haimfikii jirani anayekoroga chokoleti jikoni kwake. Hata za dukani hazina nafuu kubwa, kwani zile ndogondogo mara nyingi maelezo ya viambato huchapwa kwenye mfuko mkubwa, na mfuko huo umebaki kwenye pipa la taka la aliyezileta. Kwa nyumba za Kiislamu kama yetu kuna pia suala la jelatini ya nguruwe, ambayo haikosekani kwenye peremende nyingi za kutafuna za huku.

Mimi nimekulia Tanga, ambako mwezi wa Ramadhani sahani za futari hupishana njiani, lakini mtoto anayeileta husema mama fulani anawasalimu, na sahani yenyewe inajulikana ni ya nyumba gani. Ukiwa na la kuuliza, unajua mlango wa kubisha hodi.

Wala siwakatazi watu sherehe yao. Usiku wa kuzunguka nyumba kwa nyumba ninamsindikiza mwanangu, namwona anayempa, na kilichopatikana tunakichambua mezani. Wamarekani wenyewe wamekwisha kulifikiria jambo hili: kuna alama ya boga lililopakwa rangi ya buluu-kijani, iliyoanzia Tennessee mwaka 2012 na kusambazwa nchi nzima mwaka 2014, ambayo maana yake ni kwamba nyumba hiyo inatoa pia vitu visivyoliwa, kama vile kalamu, stika na vijiti vya kung'aa. Anayetaka kunivizia na aniletee hivyo, hata kila usiku. Akileta chakula, aandike jina lake na kilichomo.

Picha ya mzuka sikuibandika, na nyumba mbili nilizotakiwa kuzifikia sikuzifikia. Badala yake niliweka tangazo mlangoni kwa herufi kubwa, kwamba humu mna mtoto mwenye mzio wa karanga na hatupokei chakula kisicho na jina. Jana jioni nimekuta ndoo ya pili, imewekwa chini ya tangazo hilo hilo.