Gapi ana utando mweupe mdomoni na amegoma kula, nipandishe joto au niweke chumvi?

Mlezi_wa_Gapi
Wakuu habari zenu, naomba msaada wa haraka. Nina tangi la samaki wa mapambo la lita 80, ndani kuna samaki aina ya gapi, neoni na korido wachache, siku zote wanaishi pamoja bila shida. Sasa gapi dume mmoja ameanza kujitenga, anakaa juu pembeni ya hita kabana mapezi, chakula anakisogelea halafu anakiacha, na leo nimeona mdomoni ana kitu cheupe, mgongoni karibu na pezi nako kumepauka. Wengine wako sawa ila neoni mmoja anahema haraka haraka. Wiki iliyopita niliongeza gapi wapya, sijui kama ndo chanzo. Kuna wanaosema ni madoa meupe nipandishe joto mpaka 30, wengine wanasema fangasi niweke chumvi, nimebaki njia panda. Huyu dume nampenda sana jamani.

maji_kwanza
Pole sana mkuu. Kabla ya dawa yoyote pima maji utuletee majibu hapa. Amonia na nitriti (sumu zinazotokana na uchafu wa samaki) zote zinatakiwa ziwe 0. Ukiingiza samaki wapya kwa mpigo, wale bakteria wazuri wa kwenye filta wanaweza kuzidiwa na uchafu, amonia ikapanda, na amonia inaunguza matamvua ndo maana samaki anahema hivyo. Maji yakiwa mabaya hata dawa nzuri utaiona haifanyi kazi. Na tafadhali usioshe sponji ya filta kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua hao bakteria, isuuze kwenye maji uliyotoa tangini.

Pezi_Refu
Madoa meupe hayo. Pandisha joto taratibu mpaka 30 na uongeze pampu ya hewa kwa sababu maji yakiwa na joto oksijeni inapungua. Wangu walipona hivyo hivyo.

tochi_ya_tangi
Mkuu Pezi_Refu njia yako ni sahihi kwa madoa meupe, ila hapa naomba nipingane na wewe kwa sababu dalili haziendani. Madoa meupe ni vimelea, unaviona mwilini na kwenye mapezi vimekaa mfano wa punje za chumvi, kila kimoja peke yake, na mara nyingi samaki anajisugua kwenye mawe. Utando wa mdomoni pamoja na kupauka mgongoni kuzunguka pezi, mimi hapo nashuku kolumnarisi, ambayo ni bakteria, watu wengi wanaidhania fangasi. Na hatari iko hapa, hiyo kitu inakua haraka zaidi kwenye joto, kwa hiyo ukipandisha mpaka 30 unaizidishia nguvu, ikiwa aina kali samaki anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mlezi usiguse hita kwanza. Chukua tochi mmulike kwa ubavuni, utuambie kama ni punje, kama ni nyuzi zimesimama kabisa (hiyo ndo fangasi), au ni utando umelala bapa.

Mlezi_wa_Gapi
Nimemulika. Umelala bapa, kingo zina unjano kidogo, punje hakuna na wala hajisugui. Amonia 0.5, nitriti 0.

tochi_ya_tangi
Basi mimi naenda na kolumnarisi, na usisubiri kesho. Kwanza badilisha theluthi moja ya maji ya tangi, maji mapya yatolewe klorini na joto lilingane, halafu punguza chakula mpaka amonia irudi 0. Dume mtoe umweke kwenye chombo chake, ndoo safi ya plastiki inatosha, weka pampu ya hewa na hita kwenye 24. Humo ndo umpe antibiotiki ya samaki ya magonjwa ya bakteria, fuata kipimo cha kwenye pakiti na umalize dozi yote hata akianza kula katikati. Kama utatumia filta humo toa kaboni (ule mkaa wa filta), inanyonya dawa. Hiyo dawa usiimwage kwenye tangi kubwa maana baadhi ya antibiotiki zinaua na bakteria wa filta, utarudi kwenye amonia upya. Chumvi iwe kwenye ndoo tu, gramu 1 mpaka 2 kwa lita, iyeyushe pembeni kwanza, korido wengi hawaivumilii vizuri. Neti ya ndoo isiingie tangini kabisa.

maji_kwanza
Naongezea kwa yule neoni: amonia ikishafika 0 na bado anahema vile, mtenge na yeye hata kama mwilini huoni kitu, kolumnarisi huwa inashambulia matamvua pia na hapo hutaona utando wowote nje. Wale gapi wapya nao wamulike tochi kila siku mdomoni na mgongoni.

Mlezi_wa_Gapi
Asanteni sana wakuu, ndoo iko tayari, namtoa sasa hivi.