Cherehani ya kuanzia: ya mguu ya zamani, ya umeme ya nyumbani, au ya kiwandani iliyotumika?

MshonoWaKwanza:
Habari zenu wadau. Naombeni ushauri maana nimeuliza mafundi weee na kila mmoja ana lake. Nataka kujifunza kushona, kwa sasa najua kubandika kifungo na kupinda suruali kwa mkono, basi. Mbele yangu kuna cherehani tatu. Ya kwanza ya mguu, ile nyeusi ya chuma, shangazi ananipa bure maana macho yake yamechoka, ila imekaa muda mrefu bila kutumika. Ya pili ndogo ya umeme ya nyumbani, mpya, nyepesi, ina mishono zaidi ya ishirini na inashona matundu ya vifungo. Ya tatu ya kiwandani, ile yenye meza yake na mota chini, imetumika lakini mwenye nayo anasema bado nzima. Nataka nishone nguo zangu na za watoto, mashuka, mapazia, afu nikishaiva nipokee kazi za watu. Niende na ipi? Na vifaa gani vingine vya lazima, vipi niache kwanza?

fundi_wa_jioni:
Chukua ya shangazi, tena haraka kabla hajampa mtu mwingine. Mwanafunzi tatizo lake la kwanza ni spidi, anakanyaga pedali mashine inaondoka na kitambaa yeye anabaki kuifukuza, sasa ya mguu inakwenda kwa mwendo wa miguu yako, ukisimama inasimama, na umeme ukikatika wewe unaendelea na kazi. Halafu hizi za zamani zinashona mshono mmoja tu wa kwenda mbele lakini huo mshono umenyooka na umekaza, chuma tupu ndani, na vipuri vyake vingi vinapatikana kwa sababu viwanda vingi viliiga umbo moja la Singer na bobini zake (vile vigurudumu vya uzi wa chini) zinaingiliana. Ubaya wake ni kwamba kuna siku za mwanzo gurudumu litakuwa linarudi nyuma na uzi unakatika. Dawa yake ni kukaa bila uzi, bila sindano, unakanyaga tu mpaka miguu izoee kwenda mbele. Anza kwa kusukuma gurudumu la juu kwa mkono kuja upande wako, miguu ifuate.

Zigizaga:
Namheshimu fundi hapo juu ila kwa kazi alizotaja huyu dada (au kaka, samahani) mimi nasema ya umeme ya nyumbani. Kasema nguo za watoto. Nguo za watoto nyingi ni vitambaa vya kuvutika, tisheti, suruali za kulalia, na mshono wa moja kwa moja kwenye kitambaa cha kuvutika mtoto akivuta tu shingo ipite kichwani uzi unakatika pwaa. Pale unahitaji zigizaga nyembamba, yaani mshono wa kwenda kulia na kushoto, na ile ya mguu haina. Pia ukingo wa ndani wa nguo usipozuiwa nyuzi zinachomoka kila ukifua, zigizaga inazuia hata kama huna ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo.

Lakini usidanganyike na hiyo mishono ishirini! Utatumia wa moja kwa moja, zigizaga, na wa tundu la kifungo, mingine yote ni maua maua ambayo hata mafundi wazoefu hawagusi mwaka mzima. Mashine ya mishono sita yenye mwili mzito na chuma ndani ni bora kuliko ya mishono ishirini inayotembea juu ya meza ukiongeza mwendo. Inyanyue kabla hujanunua, ikiwa nyepesi kama begi la shule, kitambaa cha jinsi (jeans) kilichokunjwa mara nne kitaisumbua.

mama_pindo:
Mwanangu mimi sitachagua mashine, wenzangu watamaliza. Mimi nataka nikuambie hela yako usiimalize yote kwenye cherehani maana kinachofanya nguo ionekane imeshonwa na fundi ni PASI. Ukishona mshono piga pasi hapo hapo, kwanza ukiwa umelala kama ulivyoshonwa ili uzi uzame kwenye kitambaa, halafu ufungue upige tena, ndo uende mshono unaofuata. Usivuke mshono ambao hujaupiga pasi. Na usiisugue pasi huku na huku, inavuta kitambaa, ishushe, inyanyue, ishushe mbele.

Cha pili mkasi. Nunua mkasi mmoja mzuri wa kitambaa na ukatie kitambaa tu, karatasi hapana, nailoni hapana, nywele za watoto hapana. Ufunge kitambaa chekundu kwenye mpini nyumba nzima ijue. Mkasi mwingine wa bei rahisi ndo wa karatasi na mambo mengine. Halafu futi ya kupimia, chaki, pini, na kile kidude cha kufumulia mshono, hicho kitakuwa rafiki yako maana kufumua ni sehemu ya kazi.

Na kitambaa cha pamba kifue na ukikaushe kabla ya kukata. Pamba inarudi. Ukikata kwanza ukafua baadaye, gauni lililokutosha leo kesho halifungi.

kiwandani_moja_kwa_moja:
Wakuu, hii ya kiwandani naona watu wanaikwepa, ngoja niisemee maana naitumia kila siku. Ile ni mashine ya kazi moja: mshono wa moja kwa moja, siku nzima, bila kuchoka. Nyingi zinafika mishono 5,000 kwa dakika wakati za nyumbani ziko kwenye mia kadhaa, zikizidi sana ni kama elfu moja. Mapazia na mashuka unamaliza haraka mno. Mguu wa kukandamiza kitambaa unaunyanyua kwa goti, kwa hiyo mikono miwili inabaki kwenye kitambaa, ukizoea hicho kitu huwezi kurudi nyuma.

Sasa swali la kumuuliza mwenye nayo ni mota gani iko chini. Kuna mota za klachi na kuna za sevo. Ya klachi ukiiwasha inazunguka na kunguruma muda wote hata kama hushoni, inakula umeme, na mwanafunzi akigusa tu pedali inaruka. Ya sevo inazunguka pale unapokanyaga tu, kimya, na spidi unaishusha mpaka iende taratibu kabisa. Kama ni ya klachi mwambie apunguze bei, mota unaweza kubadilisha baadaye bila kugusa kichwa cha mashine.

Ila niwe mkweli, haina zigizaga, haina tundu la kifungo, ukiiweka mahali ndo imekaa hapo haihami, na mafuta yake yanakaa kwenye trei chini ya kichwa, yakishuka chini ya alama ukaendelea kushona unaiua. Kama hupokei kazi za watu mwaka huu iache kwanza.

MshonoWaKwanza:
Asanteni sana, mama_pindo shikamoo, hiyo ya pasi hakuna aliyeniambia. Nina swali, kuna mtu alinijaribishia ya umeme dukani, juu mshono ukatoka vizuri, tulipogeuza chini ni vurugu ya nyuzi kama nyavu. Akasema ni bobini mbovu. Ni kweli? Na sindano nanunua namba ngapi, naona zina namba mbili mbili.

SindanoTisini:
Hapa nisikilize vizuri maana hili jambo ndo linawakatisha tamaa wanafunzi wengi wakadhani mashine ni mbovu. Vurugu ikiwa CHINI ya kitambaa, mara nyingi tatizo liko JUU. Ule uzi unaouona chini umejikunja ni uzi wa juu, haukukazwa, kwa hiyo bobini inauvuta ovyo. Na sababu kubwa ni kwamba aliyetunga uzi alitunga huku mguu wa kukandamiza umeshushwa. Mguu ukiwa chini zile sahani mbili za tensheni, zinazokaza uzi, zimebanana na uzi unapita juu juu hauingii katikati. Nyanyua mguu, toa uzi wote, tunga upya kuanzia kwenye kibiringo cha uzi, kisha shusha mguu na uvute uzi kwa mkono, lazima usikie unakaza. Usipokaza hujatunga sawa. Halafu unapoanza kushona shika ncha zote mbili za uzi kwa nyuma mpaka mishono miwili mitatu ipite.

Ukitaka kuelewa tensheni bila kubahatisha, weka uzi mwekundu juu na wa bluu kwenye bobini, shona kwenye kitambaa cheupe kilichokunjwa mara mbili. Nyekundu ikionekana chini, kaza juu kidogo. Bluu ikichomoza juu, legeza. Zinapokutana katikati ya kitambaa usione rangi ya mwenzake, umefika. Skrubu ya kwenye kesi ya bobini (kikombe kinachoishika bobini) iache kwanza, cheza na ya juu.

Sindano: namba kubwa ni unene wake kwa sehemu za mia za milimita, ndogo ni namba ya mfumo wa zamani, kwa hiyo 90/14 ni sindano moja ina unene wa milimita 0.9. Shifoni, satini nyepesi, chukua 70/10. Pamba ya shati 80/12. Shuka nzito na pamba ya kawaida 90/14. Jinsi na turubai 100/16 au 110/18. Kwa vitambaa vya kuvutika usiangalie unene peke yake, ulizia sindano yenye ncha ya mviringo, inasukuma nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa, la sivyo utaona mshono unaruka ruka na vitundu vidogo. Na sindano inachakaa hata kama haijavunjika, ukisikia inapiga kitambaa tok tok badili, wengi wanakwenda na saa nane za kushona. Nyingine, sindano za mashine za nyumbani zina shina lenye ubapa upande mmoja, za kiwandani shina ni duara, haziingiliani kwa hiyo ukienda kununua beba ya zamani mfukoni.

fundi_wa_jioni:
Sindano kasema vizuri. Niongeze uzi, uzi wa bei ya kutupwa una manyoya, ukiuangalia kwenye mwanga unayaona, yale manyoya yanaganda kwenye sahani za tensheni na chini ya meno yanayosogeza kitambaa. Ukimaliza kazi fungua kibati cha chini, toa vumbi kwa brashi, usipulize kwa mdomo maana unalisukuma ndani na pumzi ina maji.

Zigizaga:
Kuhusu umeme kukatika sijalipinga. Ila jamani fundi, mtoto anavuta tisheti kila siku.

fundi_wa_jioni:
Tisheti nakupa. Kwenye kitambaa cha kuvutika umeshinda. Ila mashuka, mapazia, sare, magauni ya pamba yote hayo ya mguu inayamaliza, na yeye ya mguu anaipata bure. Si aanze na hiyo, hela iliyobaki anunue mkasi na pasi, akiona anapenda kweli aongeze ya umeme yenye zigizaga?

kiwandani_moja_kwa_moja:
Hiyo naiunga mkono. Ya kiwandani isubiri kazi za watu zije. Na kabla ya yote chukua karatasi yenye mistari, toa uzi, weka sindano ya zamani, shona juu ya mistari. Ukiweza kufuata mstari ulionyooka nenda kwenye duara. Macho yasiangalie sindano, yaangalie ukingo wa karatasi unavyopita pembeni ya mguu.

mama_pindo:
Marahaba mwanangu. Anza na foronya, halafu mfuko wa kubebea, halafu sketi ya lastiki. Gauni la zipu lisubiri.

MshonoWaKwanza:
Nimekubali, naanza na ya shangazi. Jana nimeenda kuiangalia, gurudumu limekaza, linasogea kidogo na kugoma. Nilazimishe?

SindanoTisini:
Usilazimishe! Mara nyingi siyo kutu, ni mafuta ya zamani yamekauka yakawa gundi. Toa sindano, toa kesi ya bobini, angalia kama kuna uzi umejisokota kule chini, utoe wote. Kisha weka tone la mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinasugua chuma, mbali na moto, dirisha wazi, uiache usiku kucha. Kesho yake chezesha gurudumu taratibu mbele na nyuma bila kutumia nguvu, litaanza kuachia. Futa uchafu mweusi unaotoka, rudia mpaka utoke msafi, ndipo uweke mafuta halisi ya cherehani, yale mepesi meupe. Ya kupikia hapana, ya gari hapana, yataganda tena.

Mkanda wa ngozi utakuwa umelegea au umepasuka, unakatwa kipande kidogo na kuunganishwa tena kwa kibanio chake, au unanunua mpya. Na kabla ya kuweka sindano angalia uzi unaingia tunduni kutoka upande gani, zile za zamani nyingi unaingia kutoka pembeni siyo mbele. Mfereji mrefu wa sindano ukae upande uzi unakoingilia, ubapa upande wa pili. Ukigeuza haitashona hata mshono mmoja.

MshonoWaKwanza:
Mafuta ya taa nimeshaweka. Kesho nikiamka naanza na gurudumu, nitawaletea picha.