Naomba ushauri: andalio la somo kwa darasa kubwa

Walimu wenzangu, hamjambo? Nafundisha Kiswahili Gredi ya 7 katika shule ya umma mtaani Kayole, Nairobi, ambako wanafunzi watatu hutumia kitabu kimoja. Andalio langu hufuata azimio la kazi, yaani mpango wa mafunzo ya muhula mzima, ipasavyo, lakini kipindi cha dakika 40 humalizika makundi yangali yanajadili kifungu cha ufahamu, na tathmini, ambayo kwangu ndiyo kiini cha somo, hukosa nafasi. Sitaki kuacha kazi ya makundi, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wanyamavu hufungua kinywa. Je, ninyi hugawaje dakika hizo, na hutumia njia gani kubaini ni nani ameelewa kabla kengele haijalia? Nitashukuru sana nikipata mfano wa andalio lililowafaa.