Ushauri: Shule ya lugha mbili kwa watoto tunapohama kutoka Mbeya kwenda Berlin

Mkazi wa Uyole, Mbeya

Habari za leo. Mume wangu amepata kazi ya miaka 3 mjini Berlin, na familia nzima tunatarajia kuondoka Mbeya mwezi wa saba. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 11 na yuko darasa la tano katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mdogo atatimiza miaka 6 mwezi wa nane na yuko darasa la awali katika shule ya serikali. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, na wakiwa kwa bibi yao Tukuyu husikia Kinyakyusa kutwa nzima. Kijerumani hakuna anayekijua.

Tumesikia kwamba Berlin zipo shule zinazofundisha kwa Kijerumani na Kiingereza. Ndugu waliotutangulia huko Ujerumani wanasema tusijisumbue, tuwapeleke shule yoyote ya jirani, kwa sababu watajua Kijerumani kabla ya Krismasi. Mimi bado nina hofu, kwa kuwa mkubwa atarudi akiwa na miaka 14 na wenzake watakuwa sekondari. Je, wote wawili wasome shule moja ya lugha mbili, au kila mmoja atafutiwe yake? Na Kiswahili chao tukilinde vipi?

Mwalimu wa Kihesa, Iringa

Mama, hongereni kwa safari. Nimefundisha shule ya msingi kwa muda mrefu na nimewapokea watoto waliorudi kutoka nje, kwa hiyo naomba nianzie mwisho wa safari yenu. Kabla ya kuuliza shule ipi ni nzuri, amueni kila mtoto atakuwa darasa gani baada ya miaka hiyo 3, na darasa hilo litamfundisha kwa lugha gani. Mkubwa atarudi akitegemewa kuingia sekondari, ambako baiolojia, jiografia na fizikia zinafundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili ni somo la lazima hadi mtihani wa kidato cha nne. Akisoma kwa Kijerumani kitupu, Kiingereza chake kitabaki kile alichoondoka nacho darasa la tano. Kwake yeye ningeipigania shule yenye Kiingereza hata kama iko mbali na nyumbani.

Hilo la kujua Kijerumani kabla ya Krismasi lina ukweli nusu. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alitenganisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo. Ile ya kwanza mtoto mgeni huipata kwa takriban miaka 2, lakini ya pili, yaani ya kuelewa swali la sayansi na kuandika hoja, humchukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzake. Ninyi mna miaka 3. Mkubwa anaweza kuondoka Berlin akicheza mpira kwa Kijerumani fasaha, huku daftari lake la historia bado likisuasua. Kwa mdogo, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, hesabu ni nyingine, na hapo nawaachia waliolea watoto huko.

Baba kutoka Njombe, sasa Berlin

Dada, watoto wangu wanasoma hapa Berlin, kwa hiyo nieleze taratibu zilivyo. Elimu ya Ujerumani iko chini ya majimbo, na ushauri wa ndugu anayeishi Bavaria unaweza usiwafae kabisa. Shule ya msingi ya Berlin huenda hadi darasa la 6, wakati majimbo mengi huishia darasa la 4, hivyo mkubwa hatakaa sana kabla ya kutafutiwa sekondari. Kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shule hakuruhusiwi. Mtoto anayetimiza miaka 6 hadi tarehe 30 Septemba huanza shule mwaka huohuo, na mdogo wenu anaingia humo.

Shule za umma za lugha mbili zinaitwa Staatliche Europa-Schule Berlin. Zilianza mwaka 1992, hazina ada, na kila moja huunganisha Kijerumani na lugha nyingine, kama vile Kiingereza, Kifaransa, Kireno au Kituruki. Kiswahili hakimo. Darasa hukusudiwa kuwa nusu wazungumzaji wa Kijerumani na nusu wa lugha ile nyingine, na kila kundi hujifunza kusoma kwanza kwa lugha yake. Hesabu hufundishwa kwa Kijerumani, na masomo kama historia na jiografia kwa lugha ile nyingine. Ugumu uko mlangoni: anayeanza darasa la kwanza hupimwa kama anaimudu lugha ya kundi lake kama mzawa, na anayeingia madarasa ya juu hupimwa lugha zote mbili. Mdogo wenu, ambaye lugha yake ni Kiswahili, hataingia kwa urahisi, na sioni sababu ya kumlazimisha. Kwa mkubwa, ulizieni mapema Nelson-Mandela-Schule, shule ya umma ya kimataifa ya Kijerumani na Kiingereza, ambayo huzipa kipaumbele familia zinazohamahama kwa sababu ya kazi. Mkataba wa shemeji, wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, uwe mkononi.

Msiache kadi za kliniki. Tangu tarehe 1 Machi 2020 sheria ya Ujerumani inamtaka mwanafunzi awe amechanjwa surua mara 2. Watoto wetu hupata chanjo hiyo wakiwa na miezi 9 na miezi 18, lakini kadi nyingi zimechakaa kwenye mkunjo na tarehe ya pili haisomeki. Kama ndivyo, nendeni kituo cha afya mwandikiwe upya na kugongewa muhuri.

Tena mwandaeni mkubwa kwa hesabu. Hapa 84 kugawanya kwa 4 huandikwa 84 : 4 = 21, desimali huwekewa mkato badala ya nukta, na namba hutajwa kwa kuanza na mamoja, yaani moja na ishirini. Binti yangu alijua kugawanya vizuri, lakini wiki za mwanzo alikuwa akiandika 12 aliposomewa 21. Kwenye ripoti, alama ya 1 ndiyo ya juu na 6 ndiyo ya chini.

Mama wa Mafinga

Kuhusu mkubwa nakubaliana na mwalimu. Kuwaweka wote shule moja ndiko ninakokupinga. Tulipoishi Leipzig, mwanangu alianza la kwanza shule ya mtaani kwetu, akawa anakwenda kwa miguu na watoto wa jengo letu, na jioni walicheza uani pamoja. Kijerumani chake kilitoka hapo. Mdogo asiyejua Kiingereza, akipelekwa shule ya Kijerumani na Kiingereza, atapambana na lugha mbili ngeni kwa wakati mmoja, tena mbali na majirani zake.

Kiswahili ni kazi ya wazazi, na kukizungumza tu hakutoshi, kwa sababu mtoto akirudi na miaka 9 atawakuta wenzake wanaandika imla na insha. Sisi tulikuwa tukisoma kurasa chache kila jioni kutoka vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Kisha mtoto alimwandikia bibi yake barua fupi kwa mkono, nami nikaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Bibi alijibu kwa sauti, akianza na salamu zote na kumalizia na makosa ya herufi, neno kwa neno.

Mkazi wa Uyole, Mbeya

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mdogo tutamtafutia shule ya jirani, na barua za bibi tutaanza nazo hapahapa Mbeya. Ila nauliza: mkubwa akikosa nafasi huko kwenye Kiingereza?

Baba kutoka Njombe, sasa Berlin

Akikosa, atapangiwa darasa la ukaribisho, ambako wasiojua Kijerumani hufundishwa lugha hiyo kwanza, kisha huhamishiwa madarasa ya kawaida. Hapo Kiingereza chake mtakibeba wenyewe nyumbani, kwa kumsomesha sayansi na jiografia kutoka vitabu vya huko kwetu. Shule za kulipia zipo, lakini za kimataifa ni ghali mno kwa mshahara wa kawaida. Kama shemeji bado hajasaini mkataba, amuulize mwajiri kuhusu ada ya mtoto na iandikwe humo sasa, kwa sababu ukishasainiwa ni vigumu kuomba nyongeza.