Moyo unaenda mbio nikiwa nimelala tu, ni neva au moyo wenyewe?

Mlalahai: Wakuu habari zenu, naomba ushauri bila kejeli. Siku hizi moyo unanidunda hata nikiwa nimejilalia tu, saa janja inasoma 112, mikono inatetemeka, jasho linanitoka. Nimesoma kuna neva zinazojiendesha zenyewe, zikivurugika moyo nao unaumwa. Yale mazoezi ya kuvuta pumzi polepole yanaweza kuzirudisha sawa?

Kifaru Mpole: Punguza kahawa na michepuko mkuu.

Dada wa Zamu: Pole kaka. Neva hizo ziko pande mbili, simpathetiki inaharakisha moyo, vagasi inautuliza. Moyo ukikosa neva kabisa hupiga kama 100 kwa dakika, hizi 70 tulizozoea ni kazi ya vagasi. Pumzi za taratibu zinaisaidia kidogo. Unatumia dawa gani?

Babu Kipimo: Neva msizichezee. Mzee wangu sukari ilimharibu neva, akapata shambulio la moyo na kifua hakikuuma hata kidogo, analalamika kachoka tu na kichefuchefu sisi tunamwambia alale, kipimo cha umeme wa moyo ndo kikatuumbua.

Mlalahai: Pole babu. Dada, situmii dawa yoyote.

Dada wa Zamu: Hutumii, au umeacha?

Mlalahai: Haya. Nilikuwa kwenye atenololi ya presha, wiki iliyopita nikaacha zote. Lakini zinachosha, vidole baridi, na mambo ya chumbani yalilala kabisa. Presha ilishakaa sawa, sasa nimeze ya nini?

Dada wa Zamu: Si ilikaa sawa kwa sababu ulikuwa unameza! Dawa ile inaziba vipokezi vya adrenalini, ukiitumia muda mrefu moyo unaongeza vipokezi vingine, ukiikata ghafla adrenalini inavikuta vyote wazi. Wenye mishipa ya moyo iliyobana wameshapata shambulio la moyo hivyo hivyo. Inapunguzwa kidogo kidogo, daktari akisimamia. Kifua kikibana, pumzi ikikata au ukizirai, hospitali muda huo huo.

Kifaru Mpole: Kumbe uzi ni wa chumbani.

Jicho Kavu: Hii chai. Mwezi uliopita huyu huyu alisema atenololi ni za mama yake, akauliza kama naye anaweza kuonja.

Mlalahai: Zile za mama, hizi zangu. Presha iko kwenye ukoo, kosa langu nini?

Jicho Kavu: Tupia picha ya boksi.

Mama Ibada: Vijana hamsali, moyo utatuliaje?

Dada wa Zamu: Iwe chai isiwe chai, kuna anayesoma hapa kimya kimya na vidonge vyake kaviacha kabatini.

Mlalahai: Daktari nitamwona nikipata nafasi. Ila nikirudia nusu kidonge na pumzi zangu je?

Dada wa Zamu: Dozi sikupangii humu. Mpigie daktari leo, mwambie lini uliacha.

Kifaru Mpole: Na ya chumbani mwambie, usione aibu. Zipo dawa za presha ambazo huko hazigusi sana, mimi nilibadilishiwa.

Jicho Kavu: Picha bado nasubiri.