Mrejesho: Pan European au Africa Twin? Nimeshachukua

Wakuu, niliwauliza nichukue pikipiki gani ya Honda: ST1300 Pan European iliyotumika, ya safari ndefu za lami, au Africa Twin CRF1000L, inayopita hata njia mbovu. Wengi mlisema Pan European, kwa kuwa safari zangu nyingi ni Arusha–Moshi, lami tupu.

Nilienda kuijaribu. Jamani, ile ni kochi: tanki la lita 29, gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti badala ya cheni, kioo cha mbele unakipandisha kwa swichi. Balaa lilianza tuliporudi kwa mwenyewe, kwenye kipande cha kokoto kabla ya geti. Nageuza taratibu, mguu ukateleza, zaidi ya kilo 300 zikaanza kulala. Muuzaji akaidaka upande wa pili, la sivyo ningeinunua kwa lazima.

Nikachukua Africa Twin. Tairi la mbele inchi 21, na siti nimeishusha hadi milimita 850 maana miguu yangu si ya twiga. Juzi nimetoka nayo Mto wa Mbu, nikapita Engaruka hadi Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron. Ile barabara ya vumbi yenye matuta-matuta kama mawimbi ilinigonganisha meno, pikipiki yenyewe haikulegea hata nati. Pancha moja tu, na ndipo nikajua rimu zake za spoku zinatumia tyubu. Kijana wa bodaboda akaiziba kwa kiraka na solusheni, huku ananiuliza inabeba mishikaki ya watu wangapi.

Mama watoto analalamika upepo unampiga usoni. Na wewe kaka uliyenitisha kwamba cheni ya Africa Twin ni usumbufu kuitunza, naipaka oili kila Jumapili, bado sijajuta.