Arnis mashuleni: mazoezi ya wawili yabaki au watoto wapigane?

Mleta mada:
Wadau, kila nikitazama video za wanafunzi wa Ufilipino wakifanya sinawali, yale mazoezi ya wawili ya arnis (sanaa ya Kifilipino ya kupigana kwa fimbo), fimbo mbili kila mmoja, nakuta watu wanadai hiyo ni ngoma tu na iondolewe. Suala hili ni zito. Sheria Namba 9850 ya Desemba 2009 iliitangaza arnis kuwa mchezo na sanaa ya mapigano ya taifa, ikaiingiza pia kwenye somo la michezo shuleni. Kwa hiyo tunabishania kile atakachofunzwa mtoto.

Mimi nasema yabaki, tena yawe ndiyo kiini. Jina sinawali limetokana na sawali, mianzi iliyosukwa ambayo Wafilipino hutengenezea kuta za nyumba. Fimbo nazo zinapishana juu na chini vivyo hivyo. Ukiangalia mikono peke yake, kweli utaona ngoma. Angalia miguu! Pigo linapokuja kichwani, aliyefundishwa vizuri harudi nyuma. Mguu mmoja unakwenda mshazari mbele, wa pili unaufuata ukichora nusu duara, na mpigaji anakata hewa huku mwenzake ameshasimama ubavuni pake. Fimbo ile ya henzerani ya sentimita 70 hivi imeshika nafasi ya panga. Fimbo ikikugonga mkononi utavumilia, lakini makali hayana kuvumilia, ndiyo maana mwili lazima utoke njiani.

Mchangiaji:
Mkuu, nakupinga. Hatua hizo zinapendeza kwa sababu mwenzako anakupa pigo unalolijua. Venancio Bacon alipoanzisha Balintawak, mtindo wake wa arnis, kule Cebu, Ufilipino, mwaka 1952, alitupilia mbali mbwembwe, akabaki na fimbo moja na mapambano ya karibu. Cebu walikuwa wanapigana kweli, hawakuwa wanakariri.

Mleta mada:
Ndugu yangu, mfano huo unanisaidia mimi. Balintawak hufundishwa kwa agak: mwalimu anakulisha pigo, unajibu, anakulisha jingine, kisha anavunja mpangilio bila kukuambia. Nayo ni mazoezi ya wawili! Tofauti ni kwamba mwalimu hakuachii ulale.

Hapo nakubaliana nawe: sinawali nyingi zimekufa. Wawili wamesimama kama nguzo, wanagonganisha fimbo katikati hadi henzerani inatoa harufu ya kuungua, na hakuna pigo hata moja ambalo lingemfikia mtu. Mimi kipimo changu ni hiki: mwenzako asipokinga, je, fimbo yako ingempata? Kama isingempata, sogeeni nusu hatua na mwanze upya, polepole. Ukishafika umbali huo, miguu yenyewe itadai kuzunguka, kwa sababu kusimama kunauma.

Kuwatupa watoto kwenye pambano kabla ya hapo kunawafundisha kosa jingine. Wakivaa kinga na kupewa fimbo za sponji, wengi husimama uso kwa uso wakibadilishana mapigo, kila mmoja akitafuta pointi. Anayekubali kupigwa mara mbili ili apige mara tatu anashinda. Kwa panga, wote wawili wangekuwa chini.

Makocha mliomo humu, hasa mnaofundisha watoto: mnavunja mpangilio lini, wiki ya kwanza au baada ya mtoto kuijua sinawali yote? Mimi huanza siku ileile, kwa pigo moja tu asilolitarajia.